Kifungu cha 15 tunakijua, cha 73 hatukijui

Kila Mkongomani anakijua kifungu cha 15. Sisemi kile cha Katiba ya 2006, hicho nitakifikia baadaye. Nasema kile cha mdomoni, kisichoandikwa popote, kinachomwambia kila mtu ajipange mwenyewe. Kifungu cha 73 cha Sheria ya Kazi kimeandikwa na kuchapishwa tangu Oktoba 2002, lakini simama asubuhi kwenye njia inayoteremka kutoka Kasha, hapa Bukavu, uwaulize wanaokwenda kazini mjini, walinzi, madereva, wauguzi, wapishi, wauza duka: utachoka kabla hujampata mmoja anayekijua.

Nacho si kigumu. Mwajiri, au mtu aliyemweka asimamie kazi kwa niaba yake, akimnyanyasa mfanyakazi kisaikolojia au kingono, akimtisha, akimpiga, akimtukana matusi mazito, au akiona wafanyakazi wengine wanayafanya hayo na kunyamaza, amefanya kosa zito. Mfanyakazi anaruhusiwa kuvunja mkataba papo hapo na lawama ikabaki kwa mwajiri. Kifungu hicho hicho kinamweka kwenye fungu moja bosi anayekata au kuzuia mshahara bila haki.

Sisi badala ya kifungu hicho tuna mashauri. Anayatoa shemeji, anayatoa jirani, anayatoa mzee wa kanisa baada ya misa, na mengi yana nia njema kabisa. Mengine yana nusu ya ukweli, na hayo ndiyo mabaya zaidi, kwa sababu nusu ya ukweli huaminiwa. Nayachukua jinsi yanavyosemwa Bagira na Kadutu.

"Mkono usioweza kuukata, ubusu."

Tuangalie kwanza huo mkono ni wa nani. Katika sehemu nyingi ambako watu wa Kasha wanapata riziki, kwenye depo, hoteli, kliniki, duka la mikate, shirika la misaada, anayepiga kelele si mwenye mali. Naye ameajiriwa. Naye anangoja mwisho wa mwezi. Amepewa funguo na muhuri, basi, na sheria inamtambua hivyo: inamtaja mwajiri, kisha inamtaja na aliyemweka asimamie kazi. Kwa hiyo matusi ya meneja ni mzigo wa kampuni nzima, na mara nyingi mwenye mali hajui kwamba mtu anamtwisha mzigo huo kila Jumatatu asubuhi.

Halafu kuna lile tishio la "leo leo utarudi kwenu". Kifungu cha 62 kinasema mwenye mkataba usio na mwisho haachishwi kazi bila sababu ya kweli, iwe uwezo wake, mwenendo wake kazini, au mahitaji ya kampuni yenyewe. Kuchukiwa na shefu si mojawapo. Akiachishwa bila sababu, kifungu cha 63 kinampa haki ya kurudishwa, na asiporudishwa mahakama inaweza kumpa fidia inayofika hadi mishahara ya miezi 36. Notisi nayo inahesabiwa: siku 14 za kazi, na kila mwaka uliokamilika unaongeza siku 7. Aliyekaa miaka mitano ana siku 49 za kazi. Anayekuambia utaondoka leo leo anaweza kweli kukutoa mlangoni. Asichokuambia ni bei ya kufanya hivyo, labda kwa kuwa naye hajawahi kuiuliza.

Sisemi ubishane naye. Kubishana na mkali mbele ya watu kunampa anachotaka, yaani sababu ya kuandika kwamba wewe ndiye mkorofi.

"Bila ukali, watu wa huku hawafanyi kazi."

Shauri hili linatoka kwa mameneja wenyewe, na linanikera kuliko yote. Si kwa sababu ni la kikatili, bali kwa sababu ni la zamani. Mji huu ulipokuwa ukiitwa Costermansville, hivyo ndivyo walivyosema wenye mashamba na wenye viwanda. Waliweka kapita juu ya kila kundi la watu, wakampa sauti kubwa, na nyuma ya sauti kulikuwa na kiboko. Leo mwana wa Bukavu aliyesomea mjini hapa hapa, mwenye diploma na gari la ofisi, anasema maneno yale yale juu ya jirani zake. Anadhani ameyabuni.

Mkali wa kazi na mnyanyasaji hawachanganyiki ukiwatazama vizuri. Yule wa kwanza anataka ufike saa moja na nusu, anahesabu stoku mwenyewe, anakurudishia ripoti mara tatu hadi iwe sawa. Kazi ikishakuwa sawa, amemaliza na wewe. Wa pili hamalizi. Ripoti ikiwa nzuri atauliza ni nani aliyekuandikia. Anakusahihisha mbele ya mteja, anakuita kwa kabila lako au kwa umbo lako, anakupa kazi ya siku tatu saa tisa alasiri na kuitaka jioni, anakunyang'anya zamu bila kukuambia halafu anakuuliza kwa nini hukuwepo. Na karibu kila mara anao wawili watatu ambao kwao yeye ni mpole kama malaika. Hao ndio watakaosema, "Kwangu mimi hana shida."

Na kazi yenyewe haipandi. Mtunza stoo anayetukanwa kila upungufu unapoonekana hajifunzi kuzuia upungufu, anajifunza kuuficha. Muuguzi anayemwogopa mkuu wa zamu hatasema kwamba dozi ilikosewa. Meneja wa namna hii huwa wa mwisho kujua ofisi yake inaendaje, na pesa zikipotea hapo chini anashangaa kwa dhati.

Wala si huku tu. Ufaransa iliuingiza unyanyasaji wa namna hii katika sheria zake kama kosa Januari 2002, miezi tisa kabla ya sheria yetu. Miaka michache mbele, kampuni ya simu ya France Télécom ilitaka watu 22,000 waondoke kati ya 2006 na 2008. Wengi wao walikuwa na kinga ya utumishi wa umma, hawafukuziki, kwa hiyo njia ikawa kuwafanya waone kazi haikaliki: kuhamishwa hamishwa, kushushwa, kubanwa hadi mtu aombe kutoka mwenyewe. Mahakama ilichunguza mafaili ya wafanyakazi 39. Kati yao 19 walikuwa wamejiua. Desemba 2019 aliyekuwa mkuu wa kampuni, Didier Lombard, alitiwa hatiani, na Januari 2025 rufaa yake ya mwisho ikagonga mwamba. Hao walikuwa mameneja wenye shahada kubwa na walimu wa uongozi wa kulipwa, wakitumia ukali kama chombo cha kazi.

"Wewe ni kibarua tu, huna mkataba."

Hapa sheria ni nzuri kuliko watu wanavyodhani. Anayeitwa asubuhi na kulipwa jioni naye ni mfanyakazi. Akishafanya siku 22 ndani ya miezi miwili, na akaitwa tena kabla miezi hiyo miwili haijaisha, kifungu cha 40 kinamhesabu kuwa na mkataba usio na mwisho, hata kama hakuna karatasi. Ndiyo maana wapo mabosi wanaojua kuhesabu hadi 21. Na karatasi ikikosekana, mfanyakazi anaruhusiwa kuthibitisha kazi yake kwa njia yoyote: daftari la mahudhurio, ujumbe wa simu, pesa alizotumiwa, shahidi aliyekuwa akibeba naye matofali.

Wafanyakazi wa nyumbani wamo pia. Mama wa nyumba anayemtukana dada wa kazi na kumnyima mshahara wa mwezi kwa sababu ya sahani iliyovunjika ni mwajiri kama kiwanda. Walio nje ya Sheria ya Kazi ni watumishi wa kudumu wa serikali, mahakimu na askari. Mwalimu au muuguzi mwenye namba ya serikali anafuata sheria nyingine, ile ya Julai 2016 juu ya watumishi wa umma, na njia zake ni ndefu zaidi.

Wafanyakazi wa mashirika ya misaada wana maradhi yao. Wao wanayo karatasi, tena nzuri, lakini ni ya miezi sita au mwaka, na bosi haoni haja ya kupiga kelele. Anasema tu kwa upole, "Tutaona mwezi wa kumi na mbili kama mradi utaendelea na wewe." Basi unaandika ripoti yake, unabeba mkoba wake, unacheka mizaha yake. Kifungu cha 41 kinazuia mchezo huu usirudiwe bila kikomo: mkataba wa muda hauzidi miaka miwili, na mwajiri mmoja hawezi kukufanyia zaidi ya miwili wala kuufanya upya zaidi ya mara moja, ukiacha kazi za msimu na nyingine chache. Uliye kwenye mkataba wa nne mfululizo, msomee meneja wa utumishi kifungu hicho. Kwa heshima.

"Ndiye aliyekuingiza kazini. Utamwaibishaje ndugu yetu?"

Kweli, Bukavu kazi haipatikani kwenye tangazo. Inapatikana kwa mjomba, kwa mtu wa parokia, kwa aliyesoma na kaka yako. Anayekusumbua anaweza kuwa ndiye huyo, au rafiki wa huyo, na nyumbani wataona umeuma mkono uliokulisha. Sitaki kulidharau jambo hili. Ndilo linalofunga midomo mingi kuliko woga wa kufukuzwa.

Lakini udugu una milango miwili. Ndugu aliyekuombea nafasi ana sauti ambayo wewe huna. Aliiweka heshima yake kwa ajili yako, na bosi anaijua. Mpelekee yeye kwanza, si kwa machozi, kwa mambo: tarehe fulani aliniambia hivi mbele ya fulani. Nimeona shauri la namna hiyo likimalizika sebuleni, juu ya chai, bila barua hata moja, na meneja akarudi kazini amejirekebisha kwa sababu aliyemkanya ni mtu anayemwogopa. Nimeona pia lilivyogoma. Likigoma, deni la udugu limelipwa. Umepita kwenye mlango wao, wakaufunga, na hakuna mzee wa haki atakayekuambia ulikimbilia serikalini.

"Mwanamke akisumbuliwa na bosi, ameyataka mwenyewe."

Hili halistahili maneno mengi. Katiba yetu ina kifungu chake cha 15, na hicho kinaipa serikali wajibu wa kutokomeza ukatili wa kingono. Sheria ya 20 Julai 2006 imeufanya usumbufu wa kingono unaotumia cheo kuwa jinai, yaani mtu anakwenda jela, si kupewa onyo na idara ya utumishi.

Atakayesema hayo ni ya kwenye vitabu atazame kaskazini kidogo. Wakati wa Ebola ya Beni na Butembo, kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, mashirika yaliajiri kwa haraka: wapishi, wafagiaji, wasajili, madereva. Wanaume wenye uwezo wa kutoa kazi waliiuza kwa ngono. Septemba 2020 wanawake zaidi ya 50 walisimulia kwa waandishi wa habari. Mwaka mmoja baadaye tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani ilitoa ripoti yenye watuhumiwa 83, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na shirika hilo hilo. Kabla wanawake wale hawajasema, kila mtu kule alikuwa na maelezo yake: kwamba wasichana wa siku hizi, kwamba njaa, kwamba walikubali wenyewe. Baada ya kusema, mkuu wa shirika aliomba radhi hadharani. Kukubali chini ya tishio la kukosa mkate si kukubali, na tume haikuhitaji kurasa nyingi kulielewa hilo.

"Utathibitisha nini? Maneno hayaachi kovu."

Huu ndio wasiwasi wenye msingi, na hapa ndipo kazi halisi ilipo. Hakimu hakuona. Mkaguzi wa kazi hakusikia. Wenzako watasema wao walikuwa stoo.

Anza na daftari, liwe la nyumbani, si la ofisini. Andika siku ile ile, usingoje Jumapili: tarehe, saa, mahali, nani alikuwepo, na maneno kama yalivyotamkwa, yawe ya Kifaransa, Kiswahili au Mashi. Usiyapambe, usiyatafsiri, usiandike ulivyojisikia kwa kurasa tatu. Mambo matano yenye tarehe yana uzito kuliko mwaka mzima wa "ananidharau kila siku". Ujumbe wa WhatsApp na sauti alizokutumia usifute, na nakala itume kwenye simu ya mtu unayemwamini, maana simu za Bukavu haziishi na mwenyewe muda mrefu. Agizo la mdomo unaloona ni mtego, lijibu kwa maandishi siku hiyo hiyo: "Shefu, kama ulivyoniagiza leo saa nne, nimempa dereva funguo za depo." Mstari mmoja. Asipoukanusha, ni wake.

Halafu kuna ile barua ya kutaka maelezo, ambayo kazini wote tunaiita kwa Kifaransa chake, demande d'explication. Kwa meneja mwaminifu ni chombo kizuri; inampa mfanyakazi nafasi ya kujieleza kabla ya adhabu. Kwa mnyanyasaji ni kuni. Anakuandikia moja leo, nyingine Alhamisi, na mwisho wa mwezi faili lako ni nene na la wengine ni jembamba, na kampuni inaona mwenye shida ni nani. Watu wanakosea kwa namna mbili. Wapo wasiojibu kwa hasira, na kutokujibu kunasomeka kama kukiri. Wapo wanaojibu kwa kuomba msamaha wa jambo ambalo hawakulifanya, wakidhani unyenyekevu utamtuliza. Jibu kila moja, kwa ufupi, kwa mambo yaliyotokea tu, ndani ya muda uliopewa, na ubaki na nakala iliyosainiwa na kuwekwa tarehe na aliyeipokea. Ile nakala ndiyo faili lako. Siku moja mafaili mawili yatawekwa mezani, na ni heri lako liwepo.

Ujue pia hesabu ya siku. Anayetaka kuvunja mkataba kwa kosa zito, awe bosi au mfanyakazi, ana siku 15 za kazi kuandika uamuzi wake tangu alipojua jambo lenyewe. Meneja anayefukua kosa la mwaka jana kutoka kwenye droo amechelewa. Nawe ukingoja miezi mitatu baada ya kupigwa kofi, umechelewa kwa kofi lile.

Ugomvi wa mfanyakazi mmoja na mwajiri hauendi moja kwa moja kwa Mahakama ya Kazi. Unapita kwanza kwa mkaguzi wa kazi, ambaye anawaita wote wawili kujaribu kuwapatanisha. Wakipatana, yanaandikwa. Wasipopatana, hilo nalo linaandikwa, na kwa karatasi hiyo ndipo mahakama inakupokea. Mabosi wengi hawaogopi mahakama, iko mbali na ina pesa zake. Wito wa mkaguzi, ukiwa na muhuri na ukipokelewa na katibu mbele ya watu, huwa unawashtua. Kama kazini kwenu kuna wajumbe wa wafanyakazi waliochaguliwa, anza kwao. Kazi yao ni hiyo, si kugawa mifuko ya unga mwisho wa mwaka.

Na wale wenzako walioko stoo? Shirika la Kazi Duniani lilitoa mwaka 2022 uchunguzi wake wa kwanza wa dunia nzima juu ya ukatili kazini, uliouliza watu wa nchi 121. Zaidi ya mmoja kati ya watano walikuwa wameupitia, na waliowahi kumwambia mtu yeyote ni kiasi cha nusu tu. Ukitafuta kimya kimya, kuna uwezekano mkubwa mwenzako ana daftari kama lako, au angetamani kuwa nalo.

"Bora uache kazi, afya ni mali."

Nusu ya hili naikubali. Kuna ofisi ambazo hakuna barua itakayozitengeneza, na mtu ambaye halali usiku, anayetapika asubuhi ya Jumatatu, hana la kuthibitisha kwa kubaki. Nusu nyingine ni mtego. Ukiondoka tu, ukazima simu, ukabaki Kasha kwa hasira, kwenye karatasi wewe ndiye uliyetelekeza kazi, na notisi inageuka kuwa deni lako. Ukisaini barua ya kujiuzulu iliyochapishwa na ofisi ya utumishi, ambayo hukuisoma vizuri na inayosema unaondoka kwa sababu zako binafsi, umemsafishia bosi mikono. Andika yako. Kama unaondoka kwa sababu ya manyanyaso, barua itaje kifungu cha 73, mambo na tarehe zake. Kama unaondoka kwa sababu umepata kazi nyingine, notisi yako ni nusu ya ile ambayo mwajiri angekupa, kwa hiyo itoe na uondoke safi.

Wengine wanabaki kwa hofu ya jina. "Ataniandikia vibaya." Kifungu cha 79 kinamlazimisha akupe cheti chenye aina ya kazi uliyofanya, tarehe ya kuanza na kumaliza, na namba yako ya bima ya jamii, na kinamkataza kuongeza neno lolote jingine. Simu anaweza kupiga, hilo sheria haiwezi kulizuia. Lakini katika mji ambapo kila mwajiri anawajua wenzake, sifa ya meneja mkorofi nayo husafiri, na wapo watakaomsikiliza huku wakicheka.

"Sheria ni ya Kinshasa. Huku ni vita, nani atakusikiliza?"

Tangu katikati ya Februari 2025 mji uko mikononi mwa waasi wa AFC/M23. Benki zilifungwa, ofisi za serikali zilivunjika, kampuni ziliondoa watu. Mabosi wengine wameigeuza vita kuwa ruhusa: mishahara ilikatwa nusu kwa mdomo, watu waliambiwa mikataba imekufa, na anayeuliza huambiwa ashukuru kuwa hai. Vita inaweza kusimamisha mkataba; haiufuti yenyewe. Wala haimpi meneja haki ya kutukana.

Lakini swali la nani atakusikiliza ni la kweli, na jibu ninalolijua limetoka mji huu huu. Waasi wa RCD-Goma walipotawala, kati ya 1999 na 2003, Bralima, inayotengeneza bia ya Primus na iliyokuwa mali ya Heineken ya Uholanzi, iliwaachisha watu kazi hapa Bukavu. Waliofukuzwa walidai kwamba walitolewa bila haki, na kwamba kampuni ilishirikiana na utawala wa waasi katika kuwatoa. Kwa waasi hakukuwa na wa kumlalamikia, Kinshasa ilikuwa upande wa pili wa vita, na ushauri walioupata bila shaka ni huu huu wa kushukuru kuwa hai. Desemba 2015, miaka kumi na miwili baada ya vita hiyo, wafanyakazi 168 wa zamani walipeleka malalamiko Uholanzi, kwenye ofisi inayosimamia miongozo ya OECD juu ya kampuni za kimataifa. Ofisi ile si mahakama, haiwezi kumfunga mtu wala kutoza faini. Inaita pande mbili mezani. Agosti 2017 ilitangaza kwamba wamepatana: Heineken ilikubali kuwalipa, kiasi kikabaki siri yao, na kampuni ikaahidi kuweka mwongozo wa jinsi ya kufanya kazi katika nchi zenye vita.

Sitaki kuipaka kesi hii rangi. Aliyefukuzwa 1999 alingoja miaka 18, na shule ya watoto haikumngojea. Tena ilisaidia kwamba mlalamikiwa alikuwa na makao Amsterdam na jina la kulinda. Mwenye karakana ya Kadutu hana Amsterdam. Ila tazama walichokuwa nacho. Hawakwenda mmoja mmoja na huzuni yake. Walikuwa 168 wenye jambo moja na mwaka wake, na waliweza kulieleza kwa mgeni ambaye hajawahi kuiona Bukavu, wakati wengi waliohusika walikuwa wamekwisha ondoka. Kampuni yenyewe ilisema Juni 2025 kwamba imewatoa wafanyakazi wake Bukavu na Goma baada ya watu wenye silaha kuchukua maeneo yake. Wakubwa wanapita, karatasi inabaki kwa aliyeitunza.

Kuna njia moja ya mkato ambayo vita inaifanya iwe rahisi, nayo naikataa kabisa: kumtafuta mtu mwenye bunduki amtishe meneja. Ilifanyika wakati wa RCD, na atakayeijaribu leo atagundua kwamba meneja ana pesa zaidi za kumlipa huyo huyo mwenye bunduki. Mkaguzi akikosekana ofisini, parokia na makanisa yana watu wa haki na amani waliozoea kusuluhisha na kuandika walichosuluhisha. Karatasi yao si hukumu, lakini ina tarehe na mashahidi.

Tarehe zina maana kwa sababu muda haungoji amani. Madai yanayotokana na mkataba wa kazi yanakufa baada ya miaka 3 tangu jambo litokee. Ya mshahara yanakufa baada ya mwaka 1 tu, tangu siku ambayo ulipaswa kulipwa. Aliyetukanwa na kunyimwa mshahara aanze na mshahara.